Likizo ya pwani hupangwa kwa kuangalia mwezi: Tanga, Pangani hadi Bagamoyo

Jumatano, nyumbani Tanga

Kaka yangu na familia yake wako Dodoma, mwaka huu likizo imemuangukia mwisho wa Desemba kuingia Januari, na kanitumia ujumbe wa sauti mrefu kwenye wasapu anasema anataka kuwapeleka watoto nchi yenye jua, yenye bahari ya kuogelea na yenye mambo ya kale wakajifunze, na kichwani mwake ilikuwa ni Ugiriki au Misri. Wifi kashaanza mpaka kuulizia bei za tiketi. Nikamwambia kaka subiri kwanza. Ugiriki nzuri, ile Parthenon ya Athens ilianza kujengwa mwaka 447 KK na nguzo zake bado zimesimama, hilo hakuna wa kubisha, lakini Desemba kule ni kipindi cha baridi, watu wako ndani ya makoti, mtoto aliyezoea maji ya uvuguvugu huwezi kumtia kwenye ile bahari. Misri nako Alexandria miezi hiyo kuna upepo na mvua, jua la uhakika ulifuate juu kule Luxor ambako kuna mahekalu makubwa ajabu lakini bahari hakuna, hapo bado hujagusa habari ya viza. Na Desemba hiyohiyo huku kwetu kaskazi ndo inaingia, maji yana joto, na magofu ya miaka mia sita mia saba tunayo, tena mengine yako ufukweni kabisa.

Kaka akasema sawa dada, nipangie wewe. Basi nimechukua ruhusa kazini nipite njia yote kabla yao, naandika kila siku jioni ili wifi asome na apange mizigo yake anavyojua.

Kitu cha kwanza nilichofungua sio orodha ya hoteli, ni kalenda ya mwezi. Wageni wengi wanaokuja pwani wanapanga kwa siku za ofisi, wanafika Jumamosi wanataka waingie majini saa nne asubuhi, wanakuta bahari imeshatoka iko kule mbali, mbele yao matope na majani ya bahari, wanapiga picha mbili wanaondoka wanasema Tanga hakuna bichi. Inaniuma sana maneno hayo kwa sababu jioni ileile bichi ilikuwepo! Bahari ina ratiba na ratiba yake anaishika mwezi. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama ndo bamvua, maji yanatoka sana na yanajaa sana, tofauti ya kupwa na kujaa huku kwetu inakaribia mita 4. Siku za bamvua maji yanakuwa chini kabisa kama saa nne saa tano asubuhi, na yanakuwa yamejaa mpaka ukingoni saa kumi saa kumi na moja jioni. Mwezi ukiwa nusu ndo maji mafu, hapo mambo yanageuka, kujaa inakuwa asubuhi na kupwa jioni, na tofauti yenyewe ndogo. Kila siku saa zinasogea mbele dakika 40 mpaka kama saa nzima.

Kwa familia inayotaka bahari na historia kwa pamoja bamvua ndo wakati wake, asubuhi maji yametoka mnatembelea magofu na mafungu, yaani yale matuta ya mchanga yanayojitokeza baharini maji yakitoka, jioni maji yamejaa watoto wanaogelea. Mwezi mpevu ni keshokutwa Ijumaa, kwahiyo naanza kesho.

Alhamisi, mjini

Leo nimezunguka kama mgeni kwenye mji niliozaliwa. Stesheni ya reli, kuanzia hapa ndo reli ya kwanza ya Tanzania bara ilianza kujengwa mwaka 1893, ikapanda Usambara mpaka ikafika Moshi 1911. Mwaka huohuo wa 1893 ndo mkonge uliletwa na Mjerumani Hindorf kutoka Florida kupitia Hamburg, miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu, na kutoka kwenye miche hiyo 62 yakaja mashamba yote yale unayoyaona ukija na basi. Nataka watoto wa kaka waambiwe hilo wakiwa bado kwenye basi wanayaangalia, sio baadae.

Boma la zamani la Wajerumani sasa ni makumbusho ya Urithi Tanga, ndani kuna picha za mji wa zamani, nusu saa inatosha kwa watoto, saa nzima kwa kaka. Mchana Ngamiani, zile barabara zenye namba, mihogo na chachandu, alafu mkate wa kumimina na chai ya maziwa. Wifi, hapa usipange hoteli ya chakula, tembea tu barabarani utashiba.

Ijumaa, Amboni na Raskazone

Mapango ya Amboni yako kama kilomita 8 kaskazini ya mji, njia ya Horohoro, bodaboda inakufikisha mpaka pale. Malipo ni kwa kontroo namba, ile namba ya malipo ya serikali unayolipia kwa simu, kwahiyo hakikisha simu ina salio la kutosha kabla hujatoka mjini, mtandao pale unasumbuasumbua. Ni miamba ya chokaa ya kama miaka milioni 150, chokaa hiyo ilijijenga chini ya bahari, maana yake ukiwa umeinama ndani ya giza na popo wanakupita juu ya kichwa uko kwenye sakafu ya bahari ya zamani kabisa. Mwongozaji anamulika tochi anakuonyesha jiwe mfano wa sofa, jingine mfano wa mlima, na kuna sehemu ya mizimu watu wanakuja kuomba mpaka leo, hapo pitia kwa adabu, watoto waambiwe mapema wasichezee vilivyowekwa. Kuna vipenyo vya kuinama sana, mama anaweza akabaki nje chini ya miti, na viatu viwe vya kufunga.

Amboni haidai maji kupwa wala kujaa, kwahiyo kwenye mpango wao nimeiweka kama akiba, siku mvua ya vuli ikiwa bado inasumbua au siku ya maji mafu tunaitoa tunaitumia.

Saa kumi jioni nikaenda Raskazone na maji yalikuwa yamejaa kama nilivyotaka, ya kijani, yametulia kama ya kwenye sinia, vijana wanaruka kutoka kwenye ngazi. Asubuhi ya leo pahala hapo palikuwa mawe na tope. Na hapohapo rasini ndo jeshi la Waingereza, askari kama 8,000 wengi wao kutoka India, walipoteremka Novemba 1914 kuja kuuteka mji, Wajerumani na askari wao Waafrika walikuwa kama 1,000 tu chini ya kamanda wao Lettow-Vorbeck, na katikati ya vita nyuki wakatoka kwenye mizinga wakawavamia watu, Waingereza wakarudi melini wakaacha bunduki na risasi nyingi nyuma. Mtoto wa miaka kumi ukimwambia hadithi ya nyuki huku miguu yake iko kwenye maji yaleyale hawezi kusahau maisha yake yote.

Jumamosi, Tongoni

Hapa nitaandika sana, mnisamehe, Tongoni naipenda.

Nimepanda kosta ya Pangani asubuhi mapema, nikashuka njiani kama kilomita 17 kutoka mjini, alafu unatembea kidogo kuelekea baharini. Ni kijiji cha wavuvi. Magofu yako kwenye uwanja wa nyasi, msikiti wa kale umebaki kuta na kibla yake, na pembeni makaburi zaidi ya 40, mengi yalikuwa na nguzo za mawe ya matumbawe, moja ndo bado imesimama wima, nyingine zimeanguka zimelala vipande. Hakuna pahala pengine kwenye pwani yote ya Afrika Mashariki penye makaburi mengi ya kale namna hii pamoja. Kwenye nguzo unaona vishimo vya duara, humo zilipachikwa bakuli za kauri kutoka nchi za mbali, bakuli zimeshaondoka zimebaki alama. Walioishi hapa karne ya 14 na 15 walikuwa matajiri, walikuwa na vyombo vya ng'ambo mezani na kaburini, na walikuwa Waswahili kama sisi, wala hawakuletewa ustaarabu na mtu.

Mzee anayeangalia pale nikamwamkia, shikamoo babu, akasema marahaba mjukuu wangu, umekuja peke yako? Nikamwambia nimekuja kuwapangia wenzangu. Akanichukua mpaka ukingoni penye mikoko, ilikuwa kama saa nne na nusu, bamvua, maji yametoka mpaka mafungu yote yanaonekana kule mbele. Akanyoosha mkono akasema meli ya Mreno ilipanda kule.

Na kweli ilipanda. Tarehe 6 Aprili 1498, kabla hakujapambazuka, São Rafael, moja kati ya meli za Vasco da Gama, ilikwama kwenye mafungu ya baharini mbele ya pwani hii. Maji yakatoka, meli ikabaki juu, kavu. Hawakuwa na la kufanya zaidi ya kungoja maji yarudi, yalivyojaa ikaelea wakaenda zao Mombasa. Wakiwa wamekwama pale watu wa huku waliwafuata na vyombo, wakawapelekea machungwa, na katika kumbukumbu zao za safari wakaandika kabisa kwamba yalikuwa bora kuliko ya kwao Ureno. Machungwa ya Tanga bwana! Mpaka leo ukipita Muheza ndo yanayopakiwa kwenye malori. Walivyorudi kutoka India Januari 1499 mabaharia wengi walikuwa wameshakufa kwa kiseyeye, hawatoshi kuendesha meli zote, basi hiyohiyo São Rafael wakaichoma moto hapahapa, na watu wa Mtangata, ndo jina la zamani la Tongoni, wakaja kuwauzia kuku.

Mtu aliyekuja na mizinga na ramani bahari yetu ilimuweka chini akangoja kama mtu yeyote. Nataka kaka asimame pale saa ya maji kupwa, ndo maana nimeandika kwenye mpango kwa herufi kubwa, TONGONI NI ASUBUHI YA BAMVUA. Ukija maji yamejaa utaona makaburi mazuri lakini hutoona mafungu, na bila mafungu hadithi yote hii inabaki ya mdomoni tu.

Mchana nikadaka kosta nyingine mpaka Pangani. Nikafikia gesti safi karibu na mto, chakula cha usiku wali wa nazi na changu wa kukaanga.

Jumapili, Maziwe

Kivuko kutoka Pangani kwenda Bweni ni dakika chache tu, daraja jipya nalo linajengwa, alafu bodaboda mpaka Ushongo. Jana nilishaongea na nahodha kwa simu, yeye mwenyewe ndo alinitajia saa, akasema mwanangu tutoke saa tatu, maji yatakuwa chini kabisa saa tano, saa saba tuwe tumeshanyanyuka. Nikajua nimempata mtu anayeijua kazi.

Kisiwa cha Maziwe kiko kama kilomita 8 kutoka pwani, nakiita kisiwa lakini ni fungu la mchanga mweupe, maji yakijaa linafunikwa lote. Unashuka, unatembea katikati ya bahari, pande zote ni buluu, na kwenye matumbawe samaki wa kila rangi, ukiwa na miwani ya kuzamia na mrija unalala tu juu ya maji unaangalia. Tukiwa njiani pomboo walitupita, watatu wanne hivi, nahodha akazima injini tukawaangalia.

Zamani Maziwe palikuwa na miti, mivinje, na kasa walikuwa wanapanda kutaga kwa wingi, ndo sababu mwaka 1975 pakafanywa hifadhi ya bahari. Miaka michache baadae miti ikaisha, mchanga ukaliwa, kisiwa kikawa hiki cha kuonekana na kupotea. Kasa wenyewe bado wanarudi kutaga palepale, hawajui kwamba maji sasa yanafunika mayai, kwahiyo watu wa Ushongo wanayahamisha mayai wanayafukia upya ufukweni kwao mpaka yaanguliwe. Nahodha alikuwa anaeleza hivyo na mi moyo wangu ulijaa kweli, watu wanaamka usiku kubeba mayai ya kasa kwa uangalifu moja moja. Wifi ukija ulizia, kama kuna shimo linakaribia kuanguliwa wanawaita wageni waone vitoto vikikimbilia majini.

Mambo ya kubeba: hakuna kivuli hata cha kujikinga kidole kwahiyo mwamvuli au turubai, maji ya kunywa mengi, kofia, losheni ya jua, viatu vya mpira kwa sababu ya miiba ya baharini, na laifu jaketi ya kila mtoto uione kwa macho yako kabla boti haijaondoka. Kiingilio cha hifadhi nacho ni kontroo namba, nahodha atakusaidia.

Saa saba fungu lilikuwa limebaki kipande kama uwanja wa mpira wa miguu, tukapanda boti. Jioni maji yamejaa Ushongo, minazi inaelekea majini, nimeogelea mpaka vidole vimekunjana.

Jumatatu, Pangani

Nimepumzika zaidi. Mto Pangani unaanzia kwenye vijito vya Kilimanjaro na Meru, unazungusha mitambo ya umeme kule Hale, alafu unaingia baharini hapa, na maji kujaa unaona kabisa bahari inaupanda mto na kuurudisha nyuma. Mji wenyewe milango ya kuchonga, nyumba za mawe zimechoka, zinahitaji mtu wa kuzitunza na naomba sana wapatikane maana kila masika kuna ukuta unaondoka. Ni hapa Pangani Desemba 1889 Wajerumani walimnyonga Bushiri bin Salim baada ya kuongoza vita ya pwani dhidi yao kuanzia 1888. Kaka yangu jina la Bushiri analijua toka darasani, lakini kusimama kwenye mji aliouawa ni jambo jingine.

Jumanne, njiani

Kuna njia ya kusini kupitia Mkwaja na Saadani, nzuri kwa mwenye gari la juu na inapita hifadhini kwahiyo kuna malipo yake. Kwa familia yenye watoto wadogo na mabegi nimechagua kurudi Tanga, basi la asubuhi, Muheza (nunua machungwa dirishani!), Segera, alafu Msata, pale unashuka au basi lenyewe linakata kushoto kwenye lami ya kilomita 64 mpaka Bagamoyo. Siku nzima imeisha. Usipange kitu kingine siku hii, narudia, usipange.

Jumatano, Kaole

Kaole iko kama kilomita 5 kusini ya Bagamoyo mjini. Msikiti wake ni wa karne ya 13, kuna msikiti wa pili, makaburi yenye nguzo, kisima ambacho watu wanakitumia kwa dua, na mbuyu mkubwa wa mamia ya miaka. Kwenye chumba cha makumbusho kuna vipande vya vyombo vya China vilivyochimbuliwa hapo. Lakini kilichonishika mimi ni bandari. Unapanda ngazi za kale unategemea uone bahari unaona mikoko, mikoko mpaka mbali. Mchanga na tope vilijaa, mikoko ikaota, vyombo vikashindwa kufika, watu wakahamia pale ilipo Bagamoyo sasa. Mji mzima ulihama kwa sababu maji yaliacha kuja mlangoni. Nikiwa natoka Tongoni na Maziwe nikaona ni habari ileile imeandikwa mara tatu kwenye pwani moja, na nimefurahi sana kwamba mpango unaenda kwa mfuatano huu, Kaole iwe ya mwisho, watoto wakifika hapa watakuwa wameshajifunza kuuliza maji yako wapi.

Mchana saa saba na kitu nikashuka soko la samaki Bagamoyo mjini, maji yako chini, ngalawa zimelala ubavu kwenye mchanga. Hata Wajerumani walioifanya Bagamoyo makao yao makuu walihamisha kwenda Dar es Salaam mwaka 1891, maji ya huku mafupi, meli kubwa zilikuwa zinatia nanga mbali, Dar kuna kina.

Alhamisi, misheni, na mpango wenyewe

Maji yamejaa saa mbili asubuhi kwahiyo nimeogelea kwanza. Alafu misheni ya Wakatoliki iliyoanza 1868, ule mlolongo wa miembe, makumbusho yenye minyororo ya watumwa, na kanisa la kale ambapo mwili wa Livingstone ulilazwa Februari 1874 baada ya wasaidizi wake akina Chuma na Susi kuubeba kutoka Zambia ya sasa. Huku watoto wataongelea kwa sauti ndogo wenyewe. Kwenye minyororo asimame nao mtu mzima, waulize na wajibiwe ukweli wote, mababu zetu walipita barabara hii kutoka Ujiji kupitia Tabora zaidi ya kilomita 1,000 kwa miguu.

Mchana huu nimemtumia kaka mpango. Wasichukue Desemba, wachukue mwezi mpevu wa Januari, vuli imeshakatika. Wafike Tanga siku mbili kabla haujawa mpevu, mjini siku moja, siku ya pili Amboni na Raskazone jioni, mpevu wenyewe Tongoni asubuhi na kulala Pangani, kesho yake Maziwe, siku mbili za Ushongo bila kufanya lolote, alafu Bagamoyo. Kaka kajibu kwamba likizo inaanza tarehe za Desemba na mwezi mpevu uko mbele yake kwa siku kadhaa, kwahiyo atakaa kwanza kwa mama Tanga, jambo ambalo mama amelipokea kwa vigelegele. Wifi kauliza viatu vya mpira vya watoto vinauzwa wapi. Wifi, soko la Ngamiani vipo, njoo na namba za miguu yao tu.